Mizizi Kwanza, Dhoruba Baadaye

Washauri nasaha wengi huanza na jeraha. Kijana anaingia ofisini, anaketishwa, anaulizwa amepatwa na nini. Anajibu kwa neno moja au anatazama viatu vyake, na jioni inaandikwa kwenye faili kwamba mteja hatoi ushirikiano. Mshauri ninayetaka kumsifu hapa anafuata mpangilio mwingine. Anatandaza karatasi kubwa mezani, anamwaga kalamu za rangi, anawaomba vijana wachore mti wenye mizizi, ardhi, shina, matawi, majani na matunda. Mpita njia akichungulia dirishani atadhani ni kipindi cha sanaa. Lakini akivuta kiti na kusikiliza, atagundua kwamba mchoro ndio sehemu ndogo ya kazi. Ufundi wote uko katika maswali, na katika kujua swali lipi lisubiri.

Njia hii inaitwa Mti wa Maisha. Waliotengeneza ni Ncazelo Ncube, msaikolojia kutoka Zimbabwe, na David Denborough wa Dulwich Centre mjini Adelaide, Australia, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2006. Mti kama mfano wa maisha ya mtu ulikuwa umeshatumiwa na wakufunzi wengine kusini mwa Afrika. Kilichokuwa kipya ni namna ya kuuliza. Ncube alikuwa akifanya kazi na watoto waliofiwa na wazazi wakati UKIMWI ulipokuwa ukizimaliza nyumba nzima nzima. Katika Kambi ya Masiye, karibu na Bulawayo, walezi walikuwa wakiwapa watoto nafasi ya kusimulia maisha yao, na watoto wakasimulia kweli: mama alivyokufa, baba alivyokufa, ndugu walivyogawana vyombo. Mtoto akianza kulia, na wa pili naye, na wa tatu, mlezi anabaki ameshika kalamu asijue pa kuanzia. Mtoto alirudi kulala akiwa ameumia kuliko alivyoamka.

Ncube alilitazama tatizo hilo kama fundi anavyotazama nyumba yenye ufa: hakulaumu ukuta, aliangalia msingi. Kwa maelezo yake, mtu aliye katikati ya mto wenye mamba hawezi kukaa akafikiri juu ya mto. Mfikishe kwanza ukingoni, asimame pakavu, ndipo muutazame mto pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lililompata mtoto, uliza ametoka kwa nani, anajua kufanya nini, anatamani nini, nani anampenda. Nyuma ya mawazo hayo kuna tiba ya masimulizi, iliyoasisiwa na Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, ambao walishikilia kwamba mtu si tatizo lake; tatizo ndilo tatizo. White alikufa mwaka 2008, lakini ukimsikiliza mwezeshaji mzuri wa Mti wa Maisha utasikia bado maswali yake.

Basi njia hii ilizaliwa msibani. Leo inafanya kazi kwingine pia: kwa vijana ambao hawajafiwa na mtu yeyote wa karibu lakini hawajui waseme wao ni akina nani. Wanasaikolojia wa shule jijini London wameitumia na watoto wa wakimbizi pamoja na wazazi wao, na hata na darasa zima la watoto wa miaka 9 na 10, ili weusi, weupe na Waasia wasikie asili za wenzao bila mmoja wao kusimamishwa mbele kama kielelezo cha bara lake.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa mfano ambao msomaji wa Kiswahili ataujua upesi. Mfano huu si wa mtu mmoja. Wapo maelfu wenye historia inayofanana nao. Kijana ana miaka 16. Wazazi wake ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, waliovuka Ziwa Tanganyika vita vilipowaka mwaka 1996. Yeye alizaliwa kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Alianza shule kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, wakati watoto wa vijiji vya nje ya kambi walikuwa wakisoma kwa Kiswahili. Alipofika miaka 10 familia ikahamishiwa Marekani. Shuleni huko anaitwa Mwafrika. Wenzake weusi waliozaliwa Marekani wanamcheka lafudhi. Fomu inamtaka aweke alama kwenye kisanduku cha rangi yake, na hakuna kisanduku cha Mbembe. Nyumbani, akijibu kwa Kiingereza, baba anamwambia amekuwa Mzungu. Kongo, ambako anaambiwa ndiko kwao, hajawahi kukukanyaga. Tanzania, alikozaliwa, hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali.

Mtu mwenye nia njema akimuuliza kijana huyu "Kwenu ni wapi?" amemuuliza swali ambalo anaulizwa kwenye basi, darasani na kanisani, na kila mara jibu lake linaonekana pungufu. Mshauri hodari halirudii. Akifika kwenye mizizi anauliza vitu vidogo. Jina lako ulipewa na nani, na huyo mtu alikuwa anamkumbuka nani? Nani alikuimbia ulipokuwa mdogo, na wimbo gani? Chakula gani kikinukia jikoni unajua leo nyumbani kuna jambo? Hapo kijana aliyekuwa kimya anaanza kubishana na dada yake kama ni sombe, yaani majani ya muhogo, yenye mawese au ni ndagala, na kama migebuka mibichi ya Kigoma ina ladha zaidi ya ile iliyokaushwa. Anaandika kwenye mzizi mmoja "Fizi", kwenye mwingine "Nyarugusu", kwenye wa tatu jina la mtaa anaokaa sasa. Hakuna aliyemwambia achague mmoja. Mti wenye mzizi mmoja tu ungekuwa umeanguka zamani, na kijana anaona hilo kwa macho yake kabla mtu hajafungua mdomo kumfafanulia.

Napenda sana subira ya hatua hii. Ni rahisi mno kwa mshauri aliyesoma kitabu kuhusu Waafrika kumfundisha Mwafrika Uafrika wake. Anamletea ngoma, kitenge, hadithi ya sungura, halafu anashangaa kijana anakunja uso. Kijana huyu haumii kwa kukosa ngoma. Anaumia kwa sababu watu wengi wanamtangazia alivyo bila kumuuliza.

Kuna mtego mwingine katika mizizi, na hapa ndipo utakapomjua fundi wa kweli. Katika darasa hilohilo la Marekani anaweza kuwapo kijana wa Kibanyamulenge, ambaye familia yake nayo imetoka milima ya Kivu Kusini, upande wa Minembwe au Itombwe, ambako jamii yake na Wabembe wameuana kwa miaka mingi. Ukisimama mbele na kusema kila mmoja ataje kabila lake, umewasha moto katika chumba ambacho watoto hao wawili walikuwa wakikitumia kama mahali pa kupumua. Mwezeshaji asiyejua habari za Kivu ataona tu kwamba vijana wawili "wamekataa kushiriki". Anayejua hataji kabila kabisa. Anauliza habari za bibi, za mlima, za ng'ombe au za mashua, na anamwachia kila mmoja aamue ataandika nini kwenye mzizi na nini kitabaki moyoni. Heshima kwa utamaduni wa mtu ina upande huu ambao hausemwi vya kutosha: kumruhusu aufiche.

Na mkalimani asisahauliwe. Mara nyingi mshauri anaunganishwa kwa simu na mkalimani wa Kiswahili aliye mji mwingine, mwenye Kiswahili cha Mombasa au Dar es Salaam, na kijana wa Kivu anasahihishwa sarufi akiwa katikati ya kumtaja marehemu babu yake. Washauri wazuri wanazungumza na mkalimani kabla ya kikao: usinyooshe maneno yake, yabebe yalivyo.

Ardhi huja baada ya mizizi, na haichukui muda. Hapo kijana anaandika maisha yake ya wiki hii: anaamka saa ngapi, anapeleka wadogo zake shule, Jumamosi anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa, Jumapili kwaya. Wengine hupita haraka. Bado hapo kunaonekana mengi kuhusu nani anailea familia, na mshauri anayeangalia vizuri anaweka kumbukumbu bila kusema.

Shina ndilo la ustadi. Kijana anatakiwa kuandika anachojua na anachoweza. Wengi wanaandika "mpira" na kuweka kalamu chini, na hapa mwezeshaji dhaifu anaanza kusifu: wewe ni jasiri, una akili, unaweza. Sifa za namna hiyo kijana hazimuingii. Amezisikia kwa walimu wanaomhurumia. Fundi anauliza juu ya jambo lililotendeka. Juzi mama alipokwenda kliniki, nani alimtafsiria? Wewe. Ulifanyaje daktari aliposema neno usilolijua? Nilimwambia asubiri, nikamuuliza mama kwa njia nyingine, nikarudi kwa daktari. Kwa hiyo ulizuia watu wazima wawili wasipotezane. Hilo tuliiteje? Jina lazima litoke kwa kijana mwenyewe, na likitoka liandikwe hivyohivyo, hata kama halina sarufi nzuri. Baada ya hapo linakuja swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika ufundi huu: nani, kati ya watu waliokujua zamani, asingeshangaa kusikia kwamba unaweza kufanya hivi?

Kijana anafikiri. Bibi, anasema. Bibi aliona nini kwako? Hapo inatoka habari ya bibi ambaye kule kambini alikuwa akitatua ugomvi kwenye foleni ya maji, ambaye watu walimwita kabla ya kumwita kiongozi wa kijiji cha kambi, na ambaye alikuwa akimketisha mjukuu pembeni asikilize. Ghafla shina limeshikana na mzizi. Alichofanya kliniki katika mji wa Marekani si kipaji kilichodondoka kutoka mbinguni, wala si mzigo tu wa mtoto wa mkimbizi. Ni kazi aliyorithi, yenye mtu aliyeianza. Kijana aliyekuwa hajui kama yeye ni Mkongo, Mtanzania au Mmarekani sasa ana jibu la swali zito zaidi, yaani anaendeleza kazi ya nani. Asili ameipata katika jambo analolitenda, na hilo hakuna mtu wa basini anayeweza kumnyang'anya kwa kumcheka lafudhi.

Matawi ni matumaini. Mwezeshaji anauliza tumaini hilo limetoka wapi, na nani alilibeba kabla yake. Matunda ni zawadi alizopewa: viatu, mkeka, neno jema, jirani aliyemficha. Sehemu hizi mbili ni rahisi na watoto huzifurahia.

Majani ni watu. Waliopo, walio mbali, na waliokufa. Mwongozo wa Ncube na Denborough unakubali marehemu waandikwe, na unamfundisha mwezeshaji cha kuuliza jina la marehemu likitajwa: mlicheka pamoja? Kitu gani kilikuwa cha pekee kwake? Unadhani angefurahi kwamba unamkumbuka? Angalia kilichoachwa. Haulizwi alikufaje. Atakayetaka kusema atasema, lakini swali halimsukumi huko. Kwetu sisi ambao tangu zamani tunawatajia watoto majina ya waliotangulia, jambo hili halina ugeni wowote. Ugeni ni kwamba limeingia kliniki.

Kisha miti yote inabandikwa ukutani, inakuwa msitu. Wenzake wanakwenda na kalamu kuandika kwenye mti wa kila mmoja jambo waliloliona kwake. Ni baada ya hapo tu ndipo dhoruba zinapotajwa, na hata wakati huo hazitajwi za mtu mmoja. Mwezeshaji anauliza: miti na wanyama wa msitu hupatwa na hatari gani? Wanataja moto, shoka, mafuriko. Na watoto je? Wanataja vita, ubaguzi, kuitwa majina, baba anayekunywa, kurudishwa darasa la chini kwa sababu ya lugha. Je, dhoruba ni kosa la mti? Hapana, wanajibu wote. Wanyama hufanya nini dhoruba ikija? Wengine hukimbia, wengine huchimba, wengine hukusanyika. Na nyinyi hufanya nini? Kijana wa miaka 16 anaweza kusema "sisi tunapotukanwa kabila" bila kusimulia siku aliyotukanwa yeye, na mwenzake aliyekaa kando anaitikia. Maumivu yamesemwa, na hakuna aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Mwisho hutolewa vyeti, na wazazi au walezi huitwa kushuhudia. Najua msomaji wa Afrika Mashariki atatabasamu hapa, maana vyeti vya semina tumevirundika makabatini. Tofauti ni kwamba cheti hiki hakimtaji mtoto kama mhitimu wa mafunzo ya siku mbili. Kinaandikwa mizizi yake, ustadi wake, matumaini yake na majina ya watu wake, na kinasomwa kwa sauti mbele ya baba yule aliyekuwa akisema mwanawe amekuwa Mzungu.

Ufundi huu una ndugu zake. Denborough na wenzake walipofanya kazi na washauri wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wakiwahudumia vijana waliowahi kulazimishwa kuwa askari, ilitokea Timu ya Maisha: badala ya mti, kikosi cha mpira, na maswali kama nani golikipa wako, nani beki, goli gani mmeshalifunga pamoja. Kijana wa kiume asiyetaka kuchora majani huongea bila kujua ameanza kuongea. Toronto, kati ya Watamili waliotoka Sri Lanka, ilitokea Tiara ya Maisha, iliyochapishwa mwaka 2010, kwa ajili ya vijana na wazazi waliokuwa wakigombana juu ya nani ameusaliti utamaduni. Na kabla ya hao wote, katika jiji la New York miaka ya 1980, Giuseppe Costantino, Robert Malgady na Lloyd Rogler walikuwa wakiwatibu watoto wa Puerto Rico kwa ngano za kwao, na vijana wakubwa kwa habari za maisha ya mashujaa wa Puerto Rico.

Utafiti wa mashujaa hao, uliochapishwa mwaka 1990, unanifundisha tahadhari. Kwa ujumla habari hizo ziliimarisha utambulisho wa vijana, lakini matokeo hayakuwa sawa kwa wote: yalitegemea jinsia ya kijana, darasa alilopo, na kama baba yupo nyumbani. Jambo linaloonekana la kitamaduni kwa jamii nzima lilimgusa kila mmoja mahali tofauti. Shujaa wa taifa anaweza kumwinua kijana asiye na baba, na asiwe na maana hiyohiyo kwa msichana ambaye nyumbani baba yupo. Ndiyo maana naupendelea mti kuliko shujaa. Shujaa huchaguliwa na mtaalamu. Jani huandikwa na kijana.

Sitaki kuusifu kupita kiasi. Tathmini nyingi za Mti wa Maisha ni za vikundi vidogo na zinategemea maneno ya washiriki wenyewe. Kijana anayesikia sauti, au anayepanga kujiua, anahitaji daktari leo, si kalamu za rangi wiki ijayo. Kuna ubaya mwingine pia. Kwa kuwa karatasi ni rahisi, njia hii inapenda kuchakachuliwa. Nimeona picha za semina ambako miti 40 imebandikwa ukutani kabla ya chakula cha mchana, wawezeshaji wamepiga picha na bango la mfadhili, na dhoruba imeingizwa saa nane kamili kwa sababu ratiba ilisema hivyo. Huo ni mchoro tu. Anayeharakisha mizizi ili afike kwenye maumivu amerudi Masiye ya kabla ya Ncube, na watoto ndio watakaolipa.

Vijana wanaozungumza Kiswahili wako sasa katika shule za Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, na wengi wanakaa mbele ya washauri wanaohitaji mkalimani ili kujua sombe ni nini. Ombi langu ni kwa wahitimu wa saikolojia, ustawi wa jamii na ualimu wanaosoma ukurasa huu wakiwa Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu au Bujumbura, na kwa wenzao walioko ughaibuni. Mwongozo wa Mti wa Maisha umechapishwa wazi na Dulwich Centre. Someni, uwekeni katika Kiswahili cha watoto mnaowajua, chagueni maswali ya mizizi yasiyomlazimisha mtu kutaja kabila. Na kabla ya kumpa mtoto wa mwenzenu karatasi, kila mmoja wenu achore mti wake mwenyewe, aulizwe na mwingine, ajue inavyokuwa.